Tone la Tindikali Kwenye Gita la Baba

Turudi kwenye ule mkono, msomaji, maana tumeuacha umening'inia juu ya bega la Zipora kwa wiki nzima na bila shaka umeshaanza kufa ganzi.

Ulikuwa mkono mnene, wenye pete tatu. Ulipita juu ya kasha la kwanza, ukapita juu ya kasha la pili, ukashuka kwenye la tatu na kulikamata shingoni gita la rangi ya asali.

"Hili limeshapata mwenyewe," mwenye mkono akasema.

Zipora aligeuka. Nasibu! Yule mnunuzi wa dhahabu wa Buseresere, mwenye hoteli yenye vioo vya bluu na tumbo linalomtangulia kufika kokote aendako.

"Lirudishe," Zipora akasema. "Hilo ni gita la baba yangu."

"Baba yako amelala, Mungu amrehemu. Mimi niko macho."

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, ulichokosa ni hiki. Zipora ni mpiga gita na kiongozi wa bendi ndogo ya Ushirombo. Marehemu baba yake, Donatus, alikuwa mchimba dhahabu wa Geita mchana na mpiga gita jioni. Siku duara, yaani shimo la dhahabu alilokuwa akichimba, lilipoporomoka, wenzake walitolewa, yeye hakuonekana. Walizika shati lake la kijani. Gita nalo likatoweka, na tangu awe mtu mzima Zipora hajaacha kulitafuta.

Ndipo akasikia kwamba kuna mjane hapa Mhunze, Mama Euphrasia, mwenye magita matatu ya zamani. Ni yale yenye kifua kilichobinuka na matundu mawili marefu yaliyopinda kama ya fidla, ambayo wapiga muziki wa dansi wa zamani walikuwa radhi wakose shuka lakini wasiyakose. Mjane anahamia kwa binti yake. Magita mawili atawaachia wanawe, na moja atalitoa bure kwa mtu atakayelipiga, siyo kulitundika. Mumewe, marehemu Edward, ndivyo alivyotaka.

Zipora alikuja na mjomba wake Masalu, mfuga ng'ombe, mtu wa maneno mengi na kofia moja. Akafungua makasha. La tatu lilipofunguka alitaka kulia, maana begani mwa gita kulikuwa na doa jeusi la kuungua, na doa lile aliliweka mwenyewe kwa koroboi alipokuwa mtoto. Ndipo mkono ule ukatokea.

Sasa umetufikia. Tuendelee.

"Mama," Zipora akamgeukia mwenye nyumba, "mwambie."

Mama Euphrasia alikuwa amesimama karibu na kabati la vyombo, akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. Hakuonekana kufurahi hata kidogo.

"Mwanangu, nilitangaza kwamba wa kwanza kuchagua ndiye atakayechukua. Na Bwana Nasibu alifika kabla hata sijachemsha chai. Neno limeshanitoka mdomoni."

"Lakini hata kulipiga hajui!"

"Mwenye kulipiga ninaye," Nasibu akasema, akaita kuelekea uani. "Kijana, ingia!"

Aliyeingia, msomaji, alikuwa Abel. Ndiyo, Abel yule yule, aliyevunja uchumba na Zipora kwa ujumbe wa simu wenye makosa ya tahajia, akaiacha bendi ya Ushirombo na kwenda kupiga kwenye baa ya hoteli ya Nasibu. Alipomwona Zipora akatazama viatu vyake. Viatu vilikuwa vipya.

"Shikamoo mjomba," akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba," Masalu akajibu, kwa jinsi mtu anavyojibu kwa sababu tu ni lazima. Kisha akamgeukia Nasibu. "Wewe, hebu nieleze. Makasha matatu, na gita hujui hata linashikwaje. Umechaguaje hili?"

Nasibu alifurahi kuulizwa. Alitia mkono mfukoni akatoa kichupa kidogo cha kioo.

Zipora alikijua kile kichupa. Hakuna mnunuzi wa dhahabu Geita nzima asiyekuwa nacho. Ndani mna tindikali. Unadondosha tone juu ya kinachong'aa. Kikichemka na kutoa povu la kijani, umeletewa shaba. Kikinyamaza, unamvutia muuzaji kiti na kumwita ndugu yangu.

"Ninyi mnachagua kwa masikio," Nasibu akasema. "Masikio yanadanganywa. Nilianza na lile jekundu, nikalidondoshea hapa chini, kwenye chuma kinachoshikilia nyuzi. Likachemka! Jeusi nalo likachemka. Hili la asali likanyamaza. Sikuamini. Nikadondosha tena, likanyamaza. Nikadondosha tena na tena, kimya! Dhahabu tupu! Sasa nani atavisha dhahabu gita bovu? Kwa hiyo hili ndilo bora, na Nasibu hachukui la pili."

"Umeyamwagia dawa magita ya marehemu mume wangu?" Mama Euphrasia akapandisha sauti.

"Matone tu, mama. Nimefuta."

Masalu alianza kucheka. Alicheka mpaka akavua kofia, halafu kicheko kikabadilika katikati, akajifuta macho kwa kofia ile ile.

"Aliyevisha dhahabu hiyo ni shemeji yangu Donatus," akasema. "Duara lake lilipotema dhahabu mara ya kwanza, wenzake walinunua pikipiki. Yeye alichukua fungu lake akampelekea sonara, akamwambia nivishie gita. Dada yangu alimnunia mpaka mahindi yakakomaa."

Zipora hakuwahi kuijua habari hiyo. Akalitazama gita mikononi mwa Nasibu. Basi tajiri huyu, kwa kichupa chake cha sokoni, alikuwa amemthibitishia kwamba ni lenyewe hasa, na papo hapo akamnyang'anya.

"Twende, Abel," Nasibu akasema.

"Subiri," Masalu akasema, kofia imerudi kichwani. "Baba yako alikuwa Mgalu au Mgika?"

Nasibu akasimama mlangoni. "Baba si wa huku. Ila babu yangu mzaa mama alikuwa Mgika, tena wa kutetemesha ardhi!"

"Nilijua. Sisi ni Wagalu. Na ndiyo maana unakimbia."

Hapo, msomaji, mjomba alimpata pabaya. Usukumani unaweza kumwita mtu mchoyo na mkaendelea kunywa naye chai. Lakini Mgalu akimwambia Mgika kwamba anakimbia, chai imekwisha. Tangu zamani vyama hivi viwili vya ngoma vinashindana kila baada ya mavuno, na kanuni yao ni nyepesi: kila upande unacheza mwisho wake wa uwanja, kwa wakati mmoja, na watu wako huru kutembea. Utakaobaki na watu wengi ndio umeshinda. Hakuna jaji wa kuhongwa.

"Mimi nikimbie?" Nasibu akauliza.

"Leo ni siku ya mnada hapa Mhunze. Watu wamejaa kule uwanjani. Kijana wako na hilo gita mwisho mmoja, mpwa wangu na gita jingine mwisho wa pili. Atakayebaki na watu ndiye atakayechagua. Mama, unakubali?"

Mama Euphrasia alikubali upesi mno, kama mtu aliyefunguliwa kamba. "Marehemu angependa sana. Zipora, chukua lolote kati ya hayo mawili."

Nasibu alimtazama Abel, akatazama dhahabu yake, akatabasamu. "Twendeni."

Zipora na mjomba wake wakabaki na makasha mawili, la gita jekundu na la gita jeusi.

Masalu alilizunguka lile jekundu mikono nyuma, kama alivyozoea mnadani. "Chukua hili, ng'wanone, mwanangu. Tazama kifua hicho. Tazama shingo. Ngozi inameremeta, hakuna kovu. Angekuwa dume, nisingemwacha."

"Mjomba, hatununui ng'ombe."

"Kitu kizuri ni kizuri tu."

Zipora aliligonga jekundu kifuani kwa kidole kilichokunjwa. Likajibu kwa sauti fupi iliyobana, kama mtu mwenye mafua. Akaligonga jeusi. Lilikuwa limechubuka, limefifia rangi, na mtu fulani zamani alikuwa amelibandika picha ya kasuku. Likaguna kwa sauti nene iliyotoka ndani kabisa na kukaa hewani. Magita haya ya kifua kilichobinuka yalitengenezwa yasikike katikati ya tarumbeta na ngoma. Lile jekundu lilikuwa limesahau kazi yake. Jeusi lilikuwa linaikumbuka.

"Hili," akasema.

"Lenye kasuku?" Masalu akauliza kwa uchungu.

Zipora akaanza kulikaza. Nyuzi zilikuwa na kutu, na ncha moja iliyochomoza kichwani ikamdunga kidole gumba. Akakinyonya, akacheka peke yake. Utotoni alidungwa hivyo hivyo na gita la baba, akalia mpaka majirani wakaja. Tangu siku ile Donatus hakuacha ncha hata moja wazi. Kila alipofunga uzi mpya aliikunja ncha mara mbili, akaizungusha kuelekea ndani, ikawa kipete kidogo. "Vipete vya binti yangu," alikuwa akiviita, na wapigaji wenzake walimcheka kwa kupoteza muda.

Mama Euphrasia alikuwa akikitazama kile kidole. Kisha akageuka upesi, akaenda kutafuta khanga ya kutokea.

Uwanja wa mnada ulikuwa umechangamka, ng'ombe wanalia, madalali wanalia zaidi. Muuza dawa za mifugo alimpa Zipora spika yake upande wa mashariki, na muuza mitumba akampa Abel ya kwake magharibi. Masalu alisimama juu ya kreti akatangaza habari nzima, akiongeza chumvi alipoona inafaa. Watu waliposikia Wagika na Wagalu, hakuna aliyeuliza mara mbili. Hata wauza mbuzi waliwaacha mbuzi.

Masalu akapiga mluzi. Magita yakaanza.

Abel alijua kazi yake, tusimdhulumu. Alianza na wimbo unaovuma redioni, na vijana wakamkimbilia. Nasibu hakuridhika. Akamnunua muuza vinywaji, kreti zote.

"Kila anayesimama upande huu, soda moja!" akatangaza.

Umati ukahama kama maji kwenye mfereji.

"Huo ni uchawi!" Masalu akalalamika.

"Wazee wenu hawakuwa na dawa za kuvuta watu?" Nasibu akajibu kutoka mbali. "Yangu ni ya baridi!"

Lakini soda haikumsumbua Zipora. Kilichomsumbua kilitoka kwenye spika ya muuza mitumba. Ilikuwa ile sauti. Alikuwa hajaisikia tangu utoto, na sasa ilikuwa ikimjia kuvuka uwanja mzima, nyororo, yenye mkwaruzo kidogo chini yake, kama baba anayesafisha koo kabla ya kumsimulia hadithi. Vidole vyake vikasahau vilikokuwa vikienda. Machozi yakamjaa. Gita jeusi likanyamaza, na watu wachache waliokuwa wamebaki naye wakaanza kutazama upande wa soda.

"Ng'wanone!" Masalu akafoka. "Utalia baadaye! Piga!"

Akapiga. Aliachana na nyimbo za redioni, akashika mdundo wa kulimia, ule ambao vikundi vya wakulima hupandishia na kushushia majembe kwenye mashamba ya pamba. Alianza pole pole, kama asubuhi shambani, halafu akaongeza. Lile gita lenye kasuku lilikuwa kama limesubiri kuombwa. Sauti yake nene ikaingia ardhini.

Mama mmoja mnene, soda mkononi, akageuza kichwa. Mabega yakamcheza. Akavuka uwanja akinywa, akafika mbele ya Zipora, akatua kikapu na kuanza kulima hewa.

Akaja wa pili. Wakaja wachunga ng'ombe na fimbo zao, wakizirusha juu na kuzidaka kama majembe. Halafu wakaja kwa makundi, karibu wote na soda za Nasibu mikononi.

"Rudisheni chupa!" Nasibu akapiga kelele. "Abel! Kaza mkono! Piga kwa nguvu, unabembeleza nini?"

Abel akakaza mkono. Gita la asali likaitika, likapaa, na kwa muda umati ukasita katikati ya uwanja, hauendi mbele wala haurudi nyuma. Zipora alihisi kwamba sasa ndipo anashinda au anashindwa. Nasibu akapiga makofi. Abel akalicharaza tena kwa nguvu zake zote.

Pang!

Uzi mmoja ulikatika. Ukakatika wa pili. Na kwa kuwa kile kibao kinachobeba nyuzi, kwenye magita ya aina hii, hakigundishwi kifuani bali hushikiliwa na mkazo wa nyuzi zenyewe, kikateleza upande. Gita zima likapoteza sauti, likatoa mlio wa sufuria.

Abel aliligeuza akatazama zilipokatikia. Nyuzi zilikuwa zimelika pale zinapoingia kwenye chuma kilichovishwa dhahabu.

"Bosi," akauliza, "ile dawa yako uliidondosha mara ngapi?"

Nasibu aliinama akachungulia. Dhahabu ilikuwa nzima kabisa, inang'aa. Chuma cha nyuzi ndicho kilichoilipia furaha yake. Umati ukaangua kicheko na kumalizikia wote mashariki, na mpaka muuza mitumba akamfuata mteja wake wa mwisho.

Masalu alicheza peke yake juu ya kreti mpaka kreti ikavunjika.

"Chagua, mwanangu," Mama Euphrasia akasema.

"Jeusi! Jeusi!" watu wakaitika.

"Chukua jeusi," hata Nasibu akasema kwa uchungu wa kweli. "Hilo lingine limeshakufa."

"Ng'wanone," Masalu akamnong'oneza, "nilikosea. Dume ni hili lenye kasuku. Usiliache."

Zipora aliutazama uwanja, halafu akalitazama gita jeusi. Alijua halina mpinzani. Mpigaji yeyote mwenye akili angelikumbatia na kutokomea nalo. Alilibusu kifuani, akamrudishia Mama Euphrasia.

"Limenipigania, na ninalishukuru," akasema. "Lakini nimekuja kumchukua baba."

Akavuka uwanja. Abel alimkabidhi gita la asali kwa mikono miwili, na mara hii akamtazama usoni.

"Nisamehe," akasema. "La gita, na lile jingine."

"La gita nimekusamehe," Zipora akajibu. "Hukulishika vibaya. Na uliliwekea nyuzi mpya, asante."

"Nyuzi? Sikubadilisha nyuzi. Nimelikuta hivyo."

Zipora akazitazama. Kwenye yale magita mengine kulikuwa na kutu ya miaka. Hizi, zile ambazo hazikuguswa na tindikali, ziling'aa kama kijiko kipya. Alizifuata kwa macho shingo yote mpaka kichwani, kwenye funguo za kukazia.

Hakukuwa na ncha hata moja iliyochomoza. Kila ncha ilikuwa imekunjwa mara mbili, ikazungushwa kuelekea ndani, ikawa kipete kidogo.

Kelele za mnada zilikuwepo, lakini hakuzisikia tena. Aligusa kipete kimoja kwa kidole gumba, pale pale palipodungwa. Hakikudunga.

"Mama Euphrasia," akasema, na sauti haikuwa yake. "Baba yangu tulizika shati lake nikiwa darasa la tatu. Nyuzi hizi ni za juzi. Nani amezifunga?"

Masalu alikuja mbio kuona kuna nini. Alipoviona vile vipete alishika kichwa kwa mikono miwili, kofia ikaanguka na hakuiokota.

Mama Euphrasia alikuwa ameshajifunika mdomo kwa khanga. Akaishusha taratibu, na usoni mwake mlikuwa na hofu na nafuu kwa pamoja.

"Aliniapisha nisikwambie kwamba yu hai," akasema. "Basi nikatangaza magita, ili uje ujionee mwenyewe."